Mtoto Asiulizwe Kadi

Liko neno moja ambalo napenda kulisema katika gazeti letu, nalo ni hili: kila shule ya kutwa hapa Batsinda yafaa iwe na chumba cha dawa, na katika chumba hicho mtoto aulizwe jina lake na darasa lake tu, asiulizwe kadi ya mituweli. Aliye na bima atibiwe, asiye na bima atibiwe vile vile bila malipo, wala wenzake wasipate kujua yupi ni yupi. Najua wako watakaosema kwamba mzigo huu ni mzito mno kwa shule. Na wengine watasema kwamba hauna haja, maana bima tunayo tayari. Nawaomba wa pande zote mbili wanisikilize mpaka mwisho, kisha waamue.

Kwanza tuseme kweli juu ya mituweli, kwa kuwa si haki kuanza kwa kulaumu kitu kilichookoa watu wengi. Mpango huo ulijaribiwa mwaka 1999 katika wilaya tatu za afya, yaani Byumba, Kabgayi na Kabutare. Ulipoonekana kuwa na faida ukaenezwa nchi nzima. Sheria yake ikatungwa mwishoni mwa mwaka 2007, na tangu mwaka 2015 fedha zake hutunzwa na Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, ile tuijuayo kwa herufi zake, RSSB. Maana yake ni rahisi: watu wote watoe kidogo wakiwa wazima, ili mmoja wao akiugua asilazimike kuuza ng'ombe au shamba. Zaidi ya watu wanane katika kila kumi wa nchi hii wameingia katika mpango huo, na wageni wengi wamekuja kujifunza namna unavyoendeshwa. Hayo ni ya kujivunia. Basi mtu asidhani kwamba nataka kuubomoa ukuta. Nataka kuziba ufa.

Ufa wenyewe ni huu. Mituweli imejengwa juu ya kaya, wala si juu ya mtu mmoja mmoja. Utaratibu uliowekwa mwaka 2011 uliwagawa wananchi mafungu kwa kadiri ya uwezo wao: maskini kabisa walilipiwa, walio wengi walitakiwa kutoa faranga 3,000 kwa kila kichwa kwa mwaka, na wenye nafasi 7,000. Viwango hubadilika, lakini tuichukue 3,000 kwa mfano, kwa sababu ni hesabu nyepesi. Kaya ya watu saba itatoa faranga 21,000. Kwa mwenye mshahara wa mwezi hizo si fedha za kutisha. Kwa mtu wa kibarua, ambaye leo amepata na kesho amekosa, ni akiba ya muda mrefu. Na hata akikusanya 6,000 au 9,000, bado kaya yake haijatimia. Hawezi kwenda kusema, "Huyu mwanangu wa tatu ana pumu; pokeeni 3,000 zake peke yake."

Kanuni hiyo haikuwekwa kwa ukatili. Iliwekwa ili watu wasije wakawalipia wagonjwa tu na kuwaacha wazima, kwa maana mfuko wa wagonjwa watupu haudumu. Ni kanuni yenye akili. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto wa shule aweza kukosa matibabu kwa ajili ya vichwa vingine vya nyumbani kwao ambavyo havikulipiwa, naye hana uwezo wa kulibadili jambo hilo hata kidogo. Hakuichagua kaya yake. Hana fedha. Hawezi kujiandikisha mwenyewe, wala si desturi yetu mtoto kumdai baba yake.

Tena itazameni kalenda. Mwaka wa mituweli huanza tarehe 1 Julai, na mwaka wa shule huanza Septemba. Kwa hiyo mzazi aliye na watoto wanne hudaiwa michango ya bima, na kabla hajavuta pumzi hudaiwa sare, madaftari na viatu. Mwalimu atamwona mtoto aliyekuja bila daftari, naye atamwuliza. Nani atamwona mtoto aliyekuja bila bima? Haonekani mpaka siku atakapougua.

Batsinda yetu yaijua sana hali hiyo. Wasomaji walio mbali wakumbuke kwamba mtaa huu, ulio Kinyinya katika wilaya ya Gasabo, ulipata sura yake ya sasa pale watu wa Kiyovu, ile iliyoitwa Kiyovu ya maskini katikati ya mji wa Kigali, walipohamishwa kupisha majengo mapya, na baadhi yao wakaletwa katika nyumba zilizojengwa hapa. Hayo yalikuwa mwaka 2008. Walipata nyumba, lakini kwa wengi riziki ilibaki kule kule mjini: kazi za mikono, kufua nguo, kuuza vitu vidogo vidogo. Tangu siku hizo mtaa umekua, barabara zimekuja na wapangaji wamekuja. Lakini mpangaji ni mtu wa kuhamahama, na kaya yake huandikwa mahali pamoja naye akiwa amekwisha hamia pengine. Katika mtaa wa namna hii hapatakosa kamwe watoto wasio na bima, hata viongozi wetu wakijitahidi namna gani.

Sasa tuangalie umri wa mtoto mwenyewe. Mtoto aliye chini ya miaka mitano ana watu wa kumwangalia: katika kila mudugudu wako wahudumu wa afya, wale tuwaitao abajyanama b'ubuzima, ambao wamefundishwa kumtibu malaria, kuhara na kichomi karibu na mlango wa mama yake. Mtu mzima naye aweza kujisemea na kujitafutia. Kati ya hao wawili yuko mtoto wa shule. Amekwisha kuwa mkubwa mno kwa mzani wa watoto wachanga, naye bado ni mdogo mno kujitafutia njia. Na kati ya wanafunzi, wale wa bweni wamezoea kuwa na chumba cha wagonjwa na nesi wa shule, kwa sababu mkuu wa shule ndiye mzazi wao usiku na mchana. Mwanafunzi wa kutwa hudhaniwa kuwa ana nyumbani. Je, kama nyumbani hakuna dawa?

Wenzangu, mahali pa kumpata mtoto huyo ni shuleni. Kila siku ya kazi huja mwenyewe kwa miguu yake, saa inayojulikana, huketi mahali panapojulikana, na jina lake huitwa kutoka katika daftari la mahudhurio. Ofisini huhesabiwa ndani ya kaya. Darasani huhesabiwa yeye kama yeye. Hili ndilo jambo kubwa ninalotaka tulishike. Pahali pengine pote mtoto ni mtu wa fulani. Shuleni ana jina lake.

Wala si ndoto. Nchi yetu imekwisha kulifanya jambo hili, tena kwa sifa. Mwaka 2011 Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza katika Afrika kuwachanja wasichana nchi nzima dhidi ya virusi viletavyo saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo haikungojea wasichana waje hospitalini na kadi zao. Ilipelekwa shuleni, darasa la sita la msingi. Katika mzunguko wa kwanza wasichana 93,888 walichanjwa, ndio 95 katika kila 100, na wale waliokuwa nje ya shule wakatafutwa huko majumbani. Nchi nyingi zenye mali kuliko sisi hazijafika hesabu hiyo. Siri yake ilikuwa nini? Dawa ilimfuata mtoto mahali alipo, na hakuna aliyeulizwa kama baba yake amelipa.

Dawa za minyoo ni vivyo hivyo. Uchunguzi uliofanywa mashuleni mwaka 2008 ulionyesha kwamba karibu watoto wawili katika kila watatu walikuwa na minyoo ya tumboni. Tangu miaka ile vidonge vimekuwa vikigawiwa shuleni, na mtoto humeza mbele ya mwalimu wake. Na chakula cha mchana je? Tangu mwaka 2021 kimeenezwa katika shule zote za serikali na zile zinazosaidiwa na serikali, na mwaka 2022 ilitangazwa kwamba mzazi wa mtoto wa msingi achangie faranga 975 kwa muhula, na sehemu kubwa iliyobaki ilipwe na serikali. Zamani wako waliosema kwamba kulisha watoto wote wa nchi ni jambo lisilowezekana. Leo masufuria yanachemka. Basi, kama shule imeweza kuwa mahali pa chanjo, pa vidonge na pa sahani, kwa nini isiwe mahali pa kufungiwa kidonda?

Nchi nyingine nazo zina mafunzo kwetu, mengine mema na mengine ya kutuonya. Zamani katika mji wa New York madaktari walikuwa wakipita mashuleni kuwakagua watoto. Aliyeonekana ana upele, au macho mekundu, au chawa, alirudishwa nyumbani, na kazi ya daktari ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyemtibu. Madarasa yakawa matupu, na watoto wakazidi kuambukizana mitaani. Mwezi wa Oktoba mwaka 1902 nesi mmoja, Lina Rogers, akapelekwa katika shule nne afanye jaribio la mwezi mmoja. Yeye aliosha vidonda, akapaka dawa, akamrudisha mtoto darasani mwake, kisha akaenda nyumbani kwake kumweleza mama namna ya kuendelea. Jaribio likafaulu, na mji ukaajiri manesi wengine. Mwezi wa Septemba mwaka 1902 watoto waliozuiwa kuingia shuleni kwa ugonjwa walikuwa 10,567. Septemba ya mwaka uliofuata walikuwa 1,101. Leo katika nchi ya Marekani ziko shule zaidi ya 2,000 zenye kliniki zao, nazo hutibu pia watoto ambao wazazi wao hawana bima.

Nasi tufanye haki kwa kujiuliza. Mtoto akishikwa na homa darasani, katika shule zetu nyingi za kutwa hufanywa nini? Huandikiwa ruhusa ya kwenda nyumbani. Ruhusa ile ni karatasi nzuri, ina sahihi na muhuri, lakini haishushi homa. Tumefanana na wale madaktari wa New York kabla hajaja nesi.

Karibu zaidi na kwetu, huko Busia katika Kenya, wataalamu walianza mwaka 1998 kugawa dawa za minyoo katika shule za msingi, shule 75 kwa zamu, ili wapime faida yake. Waliona kwamba utoro ulipungua kwa robo moja katika shule zilizopewa dawa; tena hata watoto wa shule za jirani ambao hawakumeza kidonge walipata nafuu, kwa sababu minyoo ilipungua katika udongo wa wote. Mmoja wa wataalamu hao, Michael Kremer, alipewa pamoja na wenzake wawili tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Mwenye kusema kwamba afya ya mtoto asiye na bima ni shauri la nyumbani kwao na akumbuke Busia. Upele na minyoo havisomi kadi. Huyu akiachwa bila dawa, jirani yake wa dawati ataumwa pia, hata kama baba wa jirani huyo amelipa kila faranga.

Onyo nalo lilitoka huko huko Kenya. Mwaka 2018 serikali yao ilianzisha bima ya wanafunzi wa sekondari za umma, iliyoitwa EduAfya. Wizara ya Elimu ililipa, na mwanafunzi akatibiwa bila kutoa senti. Ulikuwa mpango mzuri wa mamilioni ya vijana. Lakini ulisimama juu ya mkataba kati ya ofisi na ofisi, na mwishoni mwa mwaka 2023 mkataba ukaisha, nao mpango ukakoma. Hakikubaki shuleni kitu cha kushika kwa mkono, wala chumba, wala nesi, wala kabati la dawa. Funzo lake ni kwamba kadi peke yake haitoshi. Yafaa pawe na mlango.

Huko Tanzania nako ilikuwako kadi ya watoto, Toto Afya Kadi, kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Mwezi wa Machi mwaka 2023 mfuko wa bima ulisimamisha kuwaandikisha watoto mmoja mmoja, kwa sababu wazazi wengi waliwaleta wakiwa wamekwisha kuugua, na fedha zilizoingia hazikulingana na zilizotoka. Wazazi wakaambiwa wawaandikishe watoto kwa njia ya shule, au pamoja na familia nzima. Baadaye kadi ilirudishwa kwa sura nyingine. Lakini angalieni: hata watu wa bima wenyewe, walipokuwa wamebanwa, walitaja shule. Walijua kwamba hapo ndipo wazima na wagonjwa hukutana pamoja, na hesabu ikapatana.

Sasa nieleze chumba ninachokitaka, maana maneno matupu hayafungi kidonda. Sisemi tujenge hospitali. Nasema chumba kimoja kisafi chenye maji, kitanda, meza, mizani, kabati lenye kufuli, na daftari. Nesi mwenye cheti atoke kituo cha afya cha jirani, na kwa upande wetu kituo cha Kagugu hakiko mbali, aje asubuhi mbili kwa juma kwa mapatano kati ya kituo, shule na wilaya. Siku zile ambazo hayupo, mwalimu mmoja aliyefundishwa huduma ya kwanza afunge jeraha na kumlaza mgonjwa, lakini asigawe dawa ambazo hana ruhusa ya kuzigawa. Nesi apime malaria kwa tone la damu, atibu vidonda, upele na macho, atazame meno, awapime wanafunzi kuona mbali na kusikia, na amsikilize msichana aliye na jambo ambalo hawezi kumwambia mwalimu mwanamume. Mara ngapi kijana ameitwa mjinga darasani, kumbe haoni ubao?

Ugonjwa ukiwa mkubwa, nesi aandike barua ya kumpeleka mtoto kituoni au hospitalini. Na hapo ndipo jambo la bima litakapoulizwa, lakini aulizwe mzazi, asiulizwe mtoto. Nesi awe na orodha ya siri ya kaya ambazo hazijatimiza michango. Orodha hiyo ipelekwe kwa mkuu wa mudugudu, ambaye kazi yake ni kuonana na wazazi na kuwasaidia wasioweza. Isisomwe mbele ya gwaride, wala isibandikwe ukutani. Mtoto aliyeaibishwa mara moja kwa deni la baba yake ataficha homa yake mara nyingine, na homa iliyofichwa ndiyo iuayo.

Nakuja kwa wapinzani. Wa kwanza husema, "Mkiwatibu bure watoto wa wasiolipa, wazazi wote wataacha kulipa." Neno hili si la kupuuzwa, kwa kuwa wazazi wakiacha kulipa mfuko wote utaanguka. Lakini fikirini. Chumba cha shule hakizalishi mama, hakipasui tumbo, hakimlazi mgonjwa, hakimtibu baba wala bibi. Mzazi mwenye akili hataacha bima ya kaya nzima kwa sababu mwanawe amefungiwa kidole shuleni. Kinyume chake, orodha ya nesi itawafichua wale ambao leo hawaonekani, na wengi wao watalipa wakipata mtu wa kuwaeleza au kuwagawia malipo kidogo kidogo. Chumba hiki kitakuwa mlango wa kuingilia mituweli.

Wa pili husema, "Kituo cha afya kiko karibu, mtoto na aende huko." Ukaribu haupimwi kwa hatua tu. Kwa mtoto asiye na bima kituo kiko mbali kwa kadiri ya fedha asizo nazo, maana atatakiwa kulipa gharama yote. Na aliye nayo naye hupoteza asubuhi nzima katika foleni pamoja na wazee na akina mama wenye watoto wachanga, kwa jambo ambalo nesi angelimaliza wakati wa mapumziko. Hapa simlaumu mtu wa kituo chochote. Nasema kwamba tukipunguza watoto wenye vidonda vidogo katika foleni ile, wagonjwa wakubwa nao watahudumiwa mapema.

Wa tatu husema, "Fedha zitatoka wapi?" Huyu ndiye wa kujibiwa kwa hesabu. Mshahara wa nesi wa kituo unalipwa tayari; tunachoomba ni asubuhi zake mbili. Iliyobaki ni dawa na vifaa. Tuseme shule ina wanafunzi 1,000, na kila mzazi awezaye atoe faranga 300 kwa muhula. Tuseme tena kwamba wazazi 200 hawawezi, nao wasidaiwe. Waliobaki 800 watatoa 240,000 kwa muhula, ndizo 720,000 kwa mwaka. Wanafunzi wa zamani 50 tu, kila mmoja akitoa 2,000 kwa mwezi, watatoa 1,200,000 kwa mwaka. Jumla ni 1,920,000. Hizo si fedha za kujenga kasri, lakini kabati halitakuwa tupu.

Nami hapa nina neno kwa wanafunzi wa zamani hasa. Wako miongoni mwetu wenye moyo mzuri wasemao, "Nitajieni mtoto mmoja asiye na bima, nimlipie." Moyo huo twaushukuru. Lakini kwa kanuni niliyoieleza, mfadhili hawezi kumlipia mtoto mmoja. Sharti ailipie kaya yote, na Julai ijayo aanze tena. Kwa kaya tatu za watu saba saba ni faranga 63,000, na watoto waliofikiwa shuleni labda ni watano au sita. Fedha zile zile zikiingia katika kabati la shule zitanunua pamba, sabuni, dawa ya upele na vipimo vya kuwafaa watoto wa madarasa mengi. Anayeweza kulipia kaya, alipie, na Mungu ambariki. Asiyeweza, asikae akidhani kwamba hana la kufanya. Faranga 2,000 kwa mwezi zinamtosha. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na ninyi mlio bado darasani, msidhani kwamba jambo hili ni la wakubwa peke yao. Ninyi ndio mnaojua ni nani asiyecheza mpira kwa sababu mguu umevimba, ni nani anayekohoa tangu mwanzo wa muhula, ni nani anayesema kila siku kwamba hasikii njaa. Msimcheke. Mpelekeni kwa mwalimu mnayemwamini. Na wale wanaosoma sayansi wafikiri juu ya kazi ya unesi, maana chumba bila mtu ni ghala tu.

Yapasa tuanze kwa shule moja. Kamati ya wazazi iliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano wake ujao. Mkuu wa shule aandike barua kwa kituo cha afya na kwa wilaya. Nasi wanafunzi wa zamani tuandikishe majina na ahadi zetu kwa mwalimu msimamizi wa gazeti hili kabla muhula haujafungwa. Baada ya mwaka mmoja daftari la nesi lifunguliwe, tuhesabu siku za utoro, tulinganishe na za mwaka uliotangulia. Zikiwa hazikupungua, mwaweza kuniandika katika gazeti hili hili kwamba nilisema upuuzi. Zikiwa zimepungua, twende katika shule ya pili.

Hayo ndiyo maoni yangu. Aliye na hesabu bora kuliko yangu, au njia fupi zaidi ya kumfikia mtoto asiye na bima, na aandike katika toleo lijalo. Tutaisoma kwa furaha.